Chini ya Mita Moja

Keti, mjukuu wangu. Iweke kamera mezani, mbali na ukingo, kisha unisikilize mpaka mwisho. Nimechoka, na mtu aliyechoka hapendi kurudia neno. Umeniambia lenzi yako ina kasoro, kwa kuwa kila ukilisogelea ua picha inatoka na ukungu. Umeniambia pia kuna mtu Nairobi aliyekushauri uiuze hiyo Yashica, ukope fedha, utafute Leica yenye lenzi ya kupigia vitu vya karibu. Kabla hujakopa, sikia.

Lenzi haina kasoro. Yashica Electro 35 ilitoka mwaka 1966 ikiwa na lenzi ya milimita 45 inayogota kwenye sentimita 80. Ukisogea zaidi ya hapo pete ya fokasi haigeuki tena, na ukilazimisha utaivunja. Waliokiunda chombo hiki hawakukunyima kitu. Kamera zote za renjifainda, za rahisi na za ghali, zina mpaka wa namna hiyo: nyingi za zamani hukomea mita moja, nyingine sentimita 80 au 90, na zilizofanyiwa kazi zaidi hufika sentimita 70. Usipoijua sababu ya mpaka huo utanunua lenzi baada ya lenzi, na kila moja itakukatalia mahali pake.

Nyosha mkono, uinue kidole gumba mbele ya uso wako. Fumba jicho la kulia, ulifumbue, ufumbe la kushoto. Umeona kidole kinavyoruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine? Sasa kivute karibu na pua, ufanye vilevile. Kinaruka zaidi. Kamera yako inapima umbali kwa kuruka huko. Ina madirisha mawili usoni, yaliyoachana kidogo. Ukichungulia unaona taswira mbili katikati, moja hafifu yenye rangi, na unapoizungusha pete ya lenzi kuna kipande cha chuma ndani kinachosukumwa, nacho kinasogeza kioo kilichomo ndani mpaka taswira mbili zinakuwa moja. Zikilingana, umbali umepatikana. Hiyo ndiyo renjifainda.

Ugumu unaanza tunapokaribia. Chukua lenzi ya milimita 50, ndiyo rahisi kwa hesabu. Kutoka masafa ya mbali kabisa hadi mita moja, lenzi hiyo husogea mbele chini ya milimita tatu. Safari yote hiyo, kutoka kilele cha Vuria hadi ncha ya mkono wako, ni milimita tatu! Lakini kutoka mita moja hadi nusu mita inahitaji zaidi ya milimita tatu nyingine. Na ukitaka ua litokee kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi, lenzi lazima itoke mbele milimita 50 nzima. Hakuna kipande cha chuma ndani ya kamera ndogo kinachoweza kuifuata lenzi safari hiyo na bado kisikosee. Mafundi wa Ujerumani na wa Japani walilijua jambo hili mapema, wakachagua kusimama pale ambapo kipimo bado ni cha kweli. Mimi nawaheshimu kwa hilo. Chombo kinachokuambia wazi kwamba hapa sina hakika tena ni chombo cha kuaminika.

Sababu ya pili ni dirisha lako. Jicho lako linatazama kupitia dirisha la juu pembeni, filamu inatazama kupitia lenzi, na baina yao pana sentimita kadhaa. Kwa mtu aliyesimama mbali, tofauti hiyo haina madhara. Kwa mtu aliye mita moja mbele yako, kamera kama yako inasogeza mistari ya fremu ili kukusahihisha. Kwa ua lililo sentimita 20 mbele ya lenzi, wewe unaliona katikati kabisa ya dirisha, na filamu inapiga majani yaliyo chini yake. Ndiyo maana zile picha ulizoniletea hazina ukungu tu. Ua lenyewe limekatwa juu, na ulidhani mkono wako ulitetemeka.

Basi historia yote ya kupiga vitu vya karibu kwa kamera hizi ni historia ya watu waliojaribu kutibu maradhi hayo mawili: kipimo na dirisha. Leica ilipopata renjifainda iliyounganishwa na lenzi mwaka 1932, haikuchukua muda watu wakaanza kudai kufika karibu. Kiwanda kikatengeneza vifaa vya kila namna. Palikuwa na fremu yenye miguu minne iliyofungwa mbele ya lenzi: unaitua miguu juu ya hati au jani, na chochote kilichokuwa baina ya miguu kiliingia kwenye picha kikiwa safi. Huchungulii, hukadirii. Mwaka 1935 wakatoa sanduku la kioo la kuweka kati ya lenzi na kamera, ili mtu aone kupitia lenzi yenyewe. Lilifanya kazi, lakini lilikuwa zito, na kwa kweli liliigeuza kamera kuwa ya aina nyingine kabisa.

Hiyo lenzi uliyoambiwa ukakope naijua. Ni Summicron ya milimita 50 ya mwaka 1956, yenye miwani yake. Unapotaka kwenda chini ya mita moja unaivalisha miwani mbele ya madirisha, nayo inazipotosha taswira kwa kiasi kile kile kinachohitajika ili renjifainda isome sawa tena na fremu ikae mahali pake. Bila miwani, lenzi inakataa kuingia sehemu ile ya karibu, ili usijidanganye. Ni kazi ya akili kubwa, na aliyeibuni namtolea kofia. Lakini uliza inafika wapi. Inafika sentimita 48. Hapo eneo linaloingia kwenye picha ni karibu sentimita 18 kwa 27, ukubwa wa ukurasa wa daftari. Ungekopa fedha za miaka ili upige ukurasa wa daftari, na ua lako lina upana wa sentimita mbili au tatu.

Mwaka huohuo wa 1956 Nikon nao walitoa lenzi yao ya karibu kwa kamera za renjifainda, Micro-Nikkor ya milimita 50. Haikuzaliwa kwa ajili ya maua. Wajapani walitaka kuhifadhi maandishi yao kwenye filamu ndogo, na maandishi ya Kijapani yana mistari mingi iliyosongamana ndani ya alama moja, kiasi kwamba lenzi iliyotosha kwa herufi za Kizungu iliyafuta. Napenda uijue habari hiyo kwa sababu inaonyesha haja ilitoka wapi: watu walikuwa na kitu chao, kidogo, chenye thamani, na vyombo vilivyokuwepo havikukiona.

Tangu hapo wamesogea kidogo kidogo. Leica walitoa lenzi ya milimita 90 mwaka 2003, nayo ina adapta yenye miwani, na inafika nusu mita. Mwaka 2021 wakatoa ya milimita 35 inayofika sentimita 30, lakini renjifainda inakomea sentimita 70, na kutoka hapo unatazama skrini ya nyuma ya kamera ya kidijitali. Unaona? Karibu karne nzima, na kipimo chenyewe bado kinasimama pale pale.

Sasa nikuulize wewe: unataka kupiga nini? Maana kwetu hapa mtu akishika kamera watu wanawaza Tsavo. Tangu hifadhi ilipotangazwa mwaka 1948 wageni wanapita Voi na lenzi ndefu, wanapiga ndovu waliojipaka udongo mwekundu, wanarudi makwao. Sina ugomvi na ndovu. Lakini ndovu wako na kwingine. Vile vilivyopo kwetu tu, ambavyo Mungu hakuviweka pengine popote duniani, vingi vinaenea kwenye kiganja. Milima yetu ya Taita ndiyo mwanzo wa kaskazini wa ile safu ya Tao la Mashariki inayoshuka hadi Udzungwa kule Tanzania. Misitu yake ilikatwa, yakabaki mapande: Ngangao yenye hekta zipatazo 120, Mbololo, Chawia, Vuria na mengine madogo zaidi. Ndani ya mapande hayo kuna kinyonga mwenye pembe mbili bapa puani, Kinyongia boehmei. Kuna chura wa ngozi yenye vipele, Callulina dawida, ambaye wataalamu hawakumwandika kama aina ya pekee hadi mwaka 2009. Kuna kipepeo wetu, Cymothoe teita. Na kuna ua la Mbololo.

Ua hilo ndilo lililokuleta, kwa hiyo tuliseme vizuri. Mwaka 1892 Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliliona ua dogo la rangi ya urujuani kule Usambara, nyuma ya Tanga. Mbegu zikapelekwa Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo jamii ya ua hilo iko kwenye vyungu madirishani pa watu Ulaya na Marekani, mamilioni kwa mamilioni, na wengi wanaolimwagilia hawajui lilitoka wapi. La kwetu lina ndugu huko Usambara lakini lenyewe ni la Mbololo, limejishika kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mtaalamu Burtt aliliandika mwaka 1958 kwa jina la teitensis. Miaka ya karibuni wataalamu wamelihamishia kundi la Streptocarpus, lakini neno la kutaja Taita wameliacha.

Kamera yako ikiwa kwenye mpaka wake wa sentimita 80 inachukua eneo la sentimita 38 kwa 57. Ua la sentimita tatu linakuwa chini ya milimita mbili kwenye filamu. Hata uikuze picha namna gani, utakuza chembechembe za filamu tu. Ndiyo maana vijana wengi, wakishindwa, wanafanya lile ninaloliogopa: wanalichuma. Wanalitoa kwenye mwamba, wanalipeleka kwenye mwanga, wanaliegemeza kwenye jiwe lisilo lake, wanapiga. Au wanamshika kinyonga, wanamweka kwenye kijiti karibu na nyumba, na wengine huwatia wadudu kwenye jokofu ili wazubae wasiruke. Picha inapendeza. Lakini ni picha ya kitu kilichokwisha kuondolewa mahali pake, na kwa ua linaloishi kilima kimoja tu, kila shina linalong'olewa ni hasara isiyolipika. Lenzi ndiyo inayopaswa kusafiri. Ua likae.

Usiniambie habari za mvunguni na kuinama, najua unazijua. Mimi nakuambia kinachofuata baada ya kuinama, nacho ni kupima.

Hutahitaji Leica. Nenda kwa wauza vifaa vya picha, uulize vioo vya karibu vinavyofungwa mbele ya lenzi, vya duara ya milimita 55 kwa kamera yako. Vimeandikwa +1, +2, +4, na vingine +10. Namba hizo hazina siri. Lenzi yako ikiwa imewekwa kwenye masafa ya mbali kabisa, gawanya mita moja kwa namba hiyo: +2 inakupa fokasi kwenye nusu mita, +4 kwenye sentimita 25, +10 kwenye sentimita 10, ukipima kutoka kwenye kioo chenyewe. Umbali huo hautegemei urefu wa lenzi. Kwa lenzi yako ya milimita 45, kioo cha +4 kinakupa eneo la sentimita 13 kwa 20, na cha +10 kinakupa eneo la milimita 53 kwa 80. Ua la sentimita tatu ndani ya eneo hilo la pili linakuwa na zaidi ya milimita 13 kwenye filamu. Hiyo ni picha. Tena vioo hivi havili mwanga kama zile pete za kurefusha lenzi, ambazo ukizitumia kupiga kitu kwa ukubwa wake halisi zinakupotezea robo tatu ya mwanga. Ubaya wake ni kwamba pembeni mwa picha panalegea kidogo. Kaza tundu la lenzi hadi 8 au zaidi, panajirekebisha vya kutosha.

Renjifainda haitakusaidia tena hapo, wala dirisha. Kwa hiyo irudie ile fremu ya miguu minne. Mwendee fundi wa jua kali pale Voi, mwambie akukunjie waya mgumu: mstatili mmoja, na mikono miwili inayourudisha nyuma hadi kwenye skrubu ya tripodi chini ya kamera. Umbali wa mstatili kutoka kwenye kioo uwe sentimita 25, na uwazi wake uzidi kidogo sentimita 13 kwa 20 ili waya wenyewe usiingie kwenye picha. Huo ni wa kioo cha +4. Cha +10 kina mstatili wake mwingine. Usikubali fundi akuambie inatosha tu. Nusu sentimita kwa fundi wa madirisha si kitu, kwako ni picha nzima.

Kisha uhakikishe, na namna ya kuhakikisha ni hii. Kabla hujatia filamu, fungua mlango wa nyuma, ubandike kipande cha karatasi ya kunakilia ramani pale filamu inapopita, kikae bapa kabisa. Weka shata kwenye B, kamera ikiwa na betri, tundu la lenzi likiwa wazi, na uibonyeze bila kuachia. Mbele weka gazeti lenye maandishi madogo, sawa na mstatili wa waya. Taswira itatokea kwenye karatasi, juu chini, na utaona kama maandishi ni makali au yamelegea. Yakilegea, kunja waya mbele au nyuma mpaka yakae. Fanya hivyo nyumbani, mezani, kwa utulivu. Msituni hakuna meza.

Na huko msituni usitegemee huruma. Kwa kioo cha +4 na tundu la 8, kina cha ukali ni sentimita moja na nusu hivi. Kwa cha +10 ni milimita mbili na nusu hivi. Hata ukikaza hadi 16, ambako ndiko mwisho wa lenzi yako, hakizidi milimita tano. Maana yake uamue kabla: unataka ncha za njano zilizo katikati ya ua, au ukingo wa petali, au manyoya ya jani? Vyote huvipati. Na ukikaza tundu, shata inakaa wazi muda mrefu. Ile taa ya njano ya kamera yako itawaka kukuonya, na usiidharau. Simamisha tripodi, shika waya wa kubonyezea, ngoja ukungu utulie na upepo upite. Kule Mbololo jani halitulii kwa sababu wewe una haraka ya matatu ya jioni.

Nakuona unatazama simu yako. Sawa, simu inapiga karibu, na inapiga vizuri, sikatai. Lakini kuna jambo ambalo waya wako unalo na simu haina. Kwa kuwa umbali haubadiliki, kila picha unayopiga kwa mstatili ule ina kipimo kimoja. Mtu akiishika negativu yako miaka 50 ijayo, akaambiwa kwamba upana wake ni sentimita 20 za ulimwengu, ataweza kupima urefu wa mguu wa chura, upana wa petali, unene wa shina, kwa rula tu. Picha nzuri ziko nyingi. Picha inayopimika ni ushahidi, na milima yetu ina njaa ya ushahidi kuliko njaa ya mapambo.

Nikupe mfano wa karibu kuliko Mbololo. Tazama hapo nje, Sagalla, kilima kinachosimama juu ya Voi. Huko kuna kiumbe ambaye mkulima akichimba kwa jembe anadhani ni nyungunyungu mkubwa au nyoka mdogo, na mara nyingi anampiga. Si mmoja wao. Ni amfibia asiye na miguu, ndugu wa chura, anaishi udongoni. Mwaka 2005 watafiti wanne, mmoja wao Patrick Malonza wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, walimwandika kama aina mpya, Boulengerula niedeni. Hapatikani mahali pengine ila Sagalla. Watu wamepanda mikaratusi kule juu kwa sababu ya mbao, na mti ule unakausha udongo ambao yeye anauhitaji uwe laini na wenye unyevu. Sasa kuna wanaorudisha miti ya asili kwenye vijito, na hiyo ni kazi ya kuungwa mkono kuliko hizi zetu za picha.

Ndugu yake wa Milima ya Taita, Boulengerula taitana, alishangaza ulimwengu mwaka 2006, utafiti ulipotolewa katika jarida la Nature kuonyesha jinsi mama anavyolea. Watoto wake hutoka yaini wakiwa na meno ya pekee, nao humbandua mama tabaka la juu la ngozi na kulila. Ngozi ya mama hunenepa, hujaa mafuta kwa ajili hiyo, kisha humea upya. Jambo hilo linatendeka chini ya mashamba ya mihogo na migomba ya watu wetu, wanalipita kwa miguu kila asubuhi. Mpaka watafiti walipoinama na kutazama kwa karibu sana, hakuna aliyekuwa ameliandika. Mimi nilipoisikia habari hiyo nilikuwa mtu mzima, nimepiga picha maelfu za pasipoti na za harusi, na nilikaa kimya muda mrefu.

Kwa vito sitasema mengi, maana najua marafiki zako wameshakuomba uvipige picha. Mawe ya kijani ya tsavoraiti, ambayo mwanajiolojia Campbell Bridges aliyatambua Tanzania mwaka 1967 na kisha upande wetu, yamewalisha watu na pia yamewaua. Bridges mwenyewe aliuawa mwaka 2009 karibu na Voi katika mzozo wa migodi. Jiwe la karati moja lina upana wa milimita kama sita. Kamera yako bila kioo italifanya nukta. Ukikubali kuwapigia madalali, piga kwa mwanga wa kawaida wa mchana, jiwe lilivyo, na ufa wake uonekane. Mtu wa mbali atatoa fedha kwa kuiamini picha yako. Anayezungusha taa ili kuuficha ufa ameiba, hata kama hakushika jiwe.

Sasa sikia na haya, maana vyombo nimevimaliza. Ukienda msituni, pita kwanza kwa wanaousimamia, uombe ruhusa, uende na kijana wa pale anayezijua njia. Ukifika penye fighi, ile misitu ambayo wazee wetu waliitenga kwa ajili ya ulinzi na ibada, usiingie kwa sababu lango halina kufuli. Na yale mapango walimoweka mafuvu ya waliotutangulia, usiyapige. Najua kioo chako cha karibu kitaonyesha kila mshono wa mfupa. Wale ni babu zako, na hawakukaa pale wapigwe picha. Mtafiti mwenye kibali na baraka za ukoo ana njia yake. Wewe huna, na sitakupa.

Mwamba wenye ua usiutaje. Simu inaandika mahali picha ilipopigwa bila kukuuliza, kwa hiyo uizime hiyo sehemu kabla hujafika msituni. Wako watu wanaonunua mimea na vinyonga kutoka mbali, na picha yenye ramani ndani yake ni mwaliko. Sema Mbololo, inatosha. Ukikuta jani limefunika ua, lisukume kwa uzi taratibu na ulirudishe, usilikate. Ukimgeuzia chura jiwe lake, lirudishe lilivyokuwa, upande uleule chini, kwa maana kuna mayai na kuna unyevu usiouona. Usipige kwa flashi mara kumi mfululizo usoni pa kiumbe wa usiku. Mara moja au mbili, kisha umwache aende. Na ikiwa kumpata kunataka umtese, rudi bila picha. Hakuna atakayekulaumu hapa nyumbani.

Anza Sagalla, si Mbololo. Ni karibu, na kosa la kwanza la waya wako ni afadhali likutokee juu ya nyungunyungu kuliko juu ya ua. Zungumza na wenye mashamba kabla ya mvua, uwaombe kwamba siku wakimfukua yule asiye na miguu wasimpige, wamfunike na udongo mbichi na wakuite. Nenda hata kama ni usiku. Mpige palepale ndani ya udongo, mara chache, umrudishie udongo wake. Filamu ikishasafishwa, nakala ya kwanza mpelekee mwenye shamba, kabla yangu mimi na kabla ya wa Nairobi. Nyuma yake andika kwa kalamu ya risasi: tarehe, Sagalla, kioo cha +4, upana wa picha ni sentimita 20 za udongo wako. Nakala ya pili, yenye maandishi yaleyale, ipeleke Makumbusho.